Shamba liwe nyumbani, mkutano uwe shuleni

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumzie wito unaosikika kila mwaka maonesho ya Nane Nane yanapokaribia pale Uwanja wa John Mwakangale, Mbeya, kisha ukafifia mabanda yakishafungwa. Ni wito wa kufufua vilabu vya kilimo vya vijana vijijini. Mara nyingi kinachofuata ni kilekile: shule inatengewa ekari mbili tatu, watoto wanaambiwa waje na majembe siku ya Ijumaa, na klabu inahesabiwa kuwa imeanza. Sisi tuliofanya kazi ya ugani, yaani kuwafundisha wakulima kilimo bora, Nyanda za Juu Kusini tunasema mtindo huo umekwisha kujaribiwa, na sababu za kushindwa kwake zinajulikana. Kosa kubwa ni mahali lilipowekwa shamba.

Tuanze na vilabu vilikotoka. Tarehe 15 Januari 1902, mjini Springfield katika jimbo la Ohio, Marekani, mkuu wa shule za vijijini aitwaye A. B. Graham aliwakusanya watoto wapatao 85 katika jengo la serikali ya wilaya. Aliwafundisha kuchagua mbegu ya mahindi, kutunza bustani, na kupima tindikali ya udongo kwa karatasi za litimasi: ile ya bluu ikigeuka nyekundu kwenye udongo uliolowa, udongo huo una tindikali. Mkutano ulikuwa mjini, lakini kazi yenyewe ilifanyika kwenye mashamba ya wazazi wao. Huu ndio mpangilio tulioupoteza tulipoiga vilabu hivyo.

Mwaka 1907 mkuu wa shule wa wilaya ya Holmes, jimbo la Mississippi, W. H. Smith, alianzisha klabu ya mahindi ya wavulana, na Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ikauchukua mfano huo ikausambaza majimbo ya kusini. Nyuma yake alikuwapo Seaman Knapp, mzee wa wizara hiyo aliyekuwa akihangaika na wakulima ambao pamba yao ilishambuliwa na fukusi. Wakulima wale hawakuamini maneno ya ofisa aliyetoka mjini na vitabu. Waliamini walichokiona kwa macho yao, na kipande cha mtoto kilichozaa kuliko cha baba, kwenye udongo uleule na mvua ileile, hakikuwa na ubishi. Kila bwana shamba aliyewahi kusimama mbele ya wazee wa kijiji na mfuko wa mbegu chotara mkononi anaelewa jambo hili bila kufafanuliwa.

Mwaka 1910 kijana wa South Carolina, Jerry Moore, alivuna busheli 228 na robo tatu za mahindi katika ekari moja. Kwa magunia yetu ya kilo 100 hiyo ni kama gunia 58. Waandaaji wa mashindano walikuwa makini, kwa hiyo hawakutoa zawadi kwa wingi wa mavuno peke yake. Kanuni yao ya alama ilikuwa hivi: mavuno alama 30, faida alama 30, maelezo ya maandishi ya jinsi zao lilivyolimwa alama 20, na maonesho ya mahindi kumi bora alama 20. Tutairudia kanuni hii mbele, maana ndani yake mna hekima kubwa.

Mwaka huohuo wa 1910, huko Aiken katika jimbo hilohilo, mwalimu Marie Cromer aliona wavulana wanapewa nafasi na wasichana wanatazama tu. Akaanzisha klabu ya nyanya ya wasichana. Kila msichana alipata kipande cha sehemu moja ya kumi ya ekari, akalima, akasindika kwenye makopo, akauza, na fedha ikawa yake. Kipimo hicho cha sehemu moja ya kumi hakikuwa cha kubahatisha. Mtoto anaweza kukitunza bila kumwita kaka yake, na baba anaweza kukitoa bila kuona amepunguziwa shamba la familia.

Vilabu hivyo vilipata mgongo wa sheria tarehe 8 Mei 1914, ilipopitishwa sheria ya ugani iitwayo Smith-Lever. Jina lililokuja kuenea ni 4-H, herufi moja kwa maneno manne ya Kiingereza: kichwa, moyo, mikono na afya. Haki nayo isisahaulike: katika majimbo ya kusini watoto weusi walitengewa vilabu vyao kwa miongo mingi, na vilabu hivyo vilipata fedha na maofisa wachache kuliko vya weupe. Uingereza ilianza mwaka 1921 kijijini Hemyock, Devon, kwa watoto kupewa ndama wa kulea. Majirani zetu wa Kenya walipopata uhuru walikuwa na vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vikalala miaka mingi hadi serikali yao ilipovizindua upya mwaka 2021.

Kwetu njia ilikuwa nyingine. Shule ya Malangali, Iringa, ilifunguliwa mwaka 1928 chini ya Mwingereza Bryant Mumford, na kilimo na ufugaji vilikuwa sehemu ya mafunzo. Miaka ya 1930 shule ya Nyakato kule Bukoba iligeuzwa kuwa ya kilimo. Wanafunzi na wazazi wakaona wamenyimwa elimu ya ofisini waliyoitarajia, wakaikataa. Hapo ndipo jembe lilipoanza kuonekana kama adhabu ya kumbakiza Mwafrika shambani, na chuki hiyo haikuondoka na mkoloni.

Kisha likaja jambo ambalo watu wa kusini tungepaswa kulifundisha kwenye kila shule. Mwaka 1960 vijana wa TANU Youth League wa Songea, akiwamo Ntimbanjayo Millinga, walikwenda Litowa kufungua shamba lao wenyewe. Hawakutumwa na mtu. Kutokana na juhudi hiyo kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichofikia vijiji 17 kikiwa na kinu chake cha kusaga na shule pale Litowa, ambako watoto walijifunza kwa kushiriki kazi za kijiji. Chama hicho kilivunjwa na Kamati Kuu ya TANU tarehe 24 Septemba 1969. Vijiji vyake vilikuwa vikijiamulia mambo vyenyewe, na uhuru huo haukuwapendeza viongozi wengi wa mkoa na wa chama.

Wakati huohuo, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wanaunukuu bila kuusoma. Mwalimu hakuandika kwamba watoto wawe vibarua wa shule. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, wanafunzi washiriki kupanga na kuamua, waweke hesabu, na waone kwa macho jinsi jasho lao linavyobadilisha maisha yao pale shuleni. Sehemu nyingi zilichukua nusu ya kwanza ya sentensi. Shamba la shule likawa mahali pa kupeleka wachelewaji na wapiga kelele. Hesabu haikubandikwa ukutani. Mtoto alipanda asichokichagua na kupalilia bila kujua kwa nini, na mavuno yalipotoka hakujua yamekwenda wapi. Hatuwalaumu walimu peke yao, kwa maana walibebeshwa kazi ya ugani bila kufundishwa ugani.

Zaidi ya umiliki, kuna kalenda. Mvua zetu za Mbeya, Iringa, Njombe na Ruvuma ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Mahindi hupandwa mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Shule zinafungwa Desemba. Palizi ya kwanza, ile inayoamua kila kitu, inatakiwa wiki ya pili au ya tatu baada ya mimea kuota, na wiki hizo watoto wako likizo, mwalimu kaenda kwao. Wakirudi Januari wanakuta magugu yamefika magotini na mbolea ya kukuzia haijawekwa. Hakuna klabu ya shule inayoweza kuishinda kalenda hiyo kama shamba liko shuleni. Shamba likiwa nyumbani, likizo inageuka kuwa faida: mtoto yupo palepale kila asubuhi.

Kwa hiyo tunapendekeza hivi. Wanachama waandikishwe Agosti na Septemba, wakiwa darasa la tano, kidato cha kwanza au cha pili. Wa darasa la sita wasianze hapo, kwa sababu mavuno ya Juni na Julai yatawakuta darasa la saba wakijiandaa na mtihani wa Septemba. Klabu iwe na watoto kati ya 15 na 20. Wakizidi hapo, bwana shamba au bibi shamba wa kata hataweza kuvitembelea vipande vyote mara tatu kwa msimu, na kipande kisichotembelewa hakina mafunzo.

Kipande kiwe mita 20 kwa 20, ambayo ni karibu sehemu moja ya kumi ya ekari. Kwa wanaopima ekari kwa hatua 70 kwa 70, hiyo ni hatua 22 kwa 22. Kabla ya kukatua ardhi yaandikwe makubaliano ya mistari mitatu kwenye daftari la mtoto: kipande ni kipi, mavuno ni ya nani, na nini kitarudishwa klabuni. Baba au mama asaini, mtoto asaini, mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Karatasi hii ndiyo inayokosekana mara nyingi, na ikikosekana, mwezi wa saba mahindi ya mtoto humwagwa kwenye kihenge cha familia na klabu inakufa siku hiyo. Kwa wasichana ni muhimu zaidi, kwa maana katika kaya nyingi hawahesabiwi kwenye mgawo wa ardhi kabisa. Wasichana wawe angalau nusu ya klabu, na kipande chao kisiwe kile cha mawe kilichobaki.

Mbegu ipimwe uotaji hata kama mfuko ni mpya. Hesabu punje 100, zipange kwenye kitambaa kilicholowa, kiviringishe, kiweke mahali pa vuguvugu na usikiache kikauke. Siku ya saba hesabu zilizoota. Zikipungua 85, rudisha mbegu dukani ukiwa na kitambaa chako. Nembo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye mfuko ikwaruliwe na namba yake ihakikiwe kwa simu. Kwa maeneo yetu ya mwinuko, mbegu chotara za kituo cha utafiti cha Uyole kama UH6303 zinafaa, lakini kila klabu ipate ushauri wa mwinuko wake, kwa kuwa inayofanya vizuri Mbozi si lazima ifanye vizuri Makete.

Kupanda kunataka kamba ya katani yenye mafundo kila sentimita 60, na kijiti cha sentimita 75 cha kupimia kati ya mstari na mstari. Kipande kizima kitatoa mashimo kama 900. Shimo liwe na kina cha kama sentimita 10. Tangulia na kizibo kimoja cha soda cha DAP, mbolea ya kupandia, funika kwa udongo wa vidole viwili au vitatu, ndipo uweke punje mbili na kufukia. Mbegu ikigusana na mbolea huungua na kuoza, na mtoto atadhani mbegu ilikuwa mbovu. Kizibo kimoja ni kama gramu tano, kwa hiyo kipande kinahitaji kilo nne na nusu za DAP. Mbegu zitakwenda punje 1,800, ambazo hazifiki kilo moja. Zitakazobaki ni za kurudishia mahali palipokosa kuota ndani ya siku kumi. Kurudishia baada ya hapo ni kujisumbua, maana mche mdogo hufunikwa na wenzake na haubebi.

Mimea ikifika magotini iwekwe urea, mbolea ya kukuzia, kizibo kimoja kwa shimo, sentimita 10 kutoka kwenye shina, udongo ukiwa na unyevu, na ifukiwe. Urea iliyoachwa juu ya ardhi jua linapowaka hupotea hewani kama gesi. Watoto wafundishwe kusoma jani: njano inayoanzia ncha ya majani ya chini na kupita katikati ni njaa ya naitrojeni, zambarau kwenye mimea michanga, tunayoiona sana kwenye baridi ya Njombe na Uyole, mara nyingi ni upungufu wa fosfeti. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, ukaguzi wa kila wiki ni lazima: mimea kumi katika kila moja ya sehemu tano za kipande, alfajiri, kwa kufungua moyo wa mche na kutafuta kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Anayesubiri majani yatoboke ovyo ndipo atafute dawa amechelewa, kwa kuwa kiwavi mkubwa hujificha ndani na dawa haimfikii.

Ikisimama miche 1,700 hadi mwisho, na kila mmoja ukatoa hindi moja lenye punje za gramu 120, hiyo ni kilo 204. Gunia mbili kutoka kwenye sehemu moja ya kumi ya ekari ni sawa na gunia ishirini kwa ekari. Baba atakuja kupima mwenyewe kwa hatua.

Baada ya kukauka, punje zipimwe kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia chumvi kavu kidogo na punje, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha iache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu na yataota ukungu wa sumu kuvu. Isipoganda, yaweke kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ambamo dumuzi hukosa pumzi na kufa bila dawa. Na wauze kwa mizani. Kijana aliyezoea kupima kilo zake tangu utotoni hatakubali lumbesa akiwa mkubwa.

Sasa daftari, ambalo kwetu sisi ndilo zao kuu la klabu. Kila siku ya kazi iandikwe tarehe, kazi, saa, nani alisaidia, kilichotumika na bei yake. Samadi ya zizi la nyumbani ipewe bei ya kijijini. Siku ya kibarua aliyolima baba ipewe bei ya kibarua. Hapa ndipo ile kanuni ya alama inapofanya kazi. Mkishindanisha mavuno tu, zawadi itakwenda kwa mtoto wa mwenye duka la pembejeo, aliyemwaga mifuko mitano. Faida ikiwa na alama 30 sawa na mavuno, mtoto wa mjane aliyetumia samadi vizuri ana nafasi sawa. Daftari lililojazwa usiku mmoja kabla ya ukaguzi hujulikana haraka: wino mmoja, hakuna tope, hakuna siku ya mvua iliyozuia kazi. Ndiyo maana mgani asaini na kuweka tarehe kila anapotembelea.

Tungeshauri nyanya zisiwe zao la mwaka wa kwanza, hata kwa watoto wa Ilula wanaoziona barabarani kila siku. Ugonjwa wa bakajani chelewa wakati wa mvua na mdudu kantangaze wakati wa kiangazi vinahitaji dawa za mara kwa mara, na mtoto hapaswi kubeba bomba la sumu mgongoni. Maharage na viazi mviringo vinafuata vizuri baada ya mahindi. Wasio na ardhi kabisa waanze na kuku watano wa kienyeji, au walee mtamba wa klabu kwa utaratibu wa kurudisha ndama jike wa kwanza, ambao wafugaji wa Njombe na Rungwe wanaufahamu.

Mpango wa serikali wa Jenga Kesho iliyo Bora, ulioanza mwaka 2023, unawafikia vijana waliokwisha kuwa watu wazima. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambamo vijana wana asilimia nne, nayo ni kwa watu wazima. Hatupingi hata kimoja. Lakini kamati ya mikopo inapokaa, mwombaji huleta andiko lililochapwa kwenye duka la steshenari, lenye faida ambayo hakuna aliyeiona shambani. Kijana aliyetoka klabuni angeleta madaftari manne yenye sahihi za mgani, na kamati ingekuwa na kitu cha kukagua.

Kwa halmashauri itakayopenda kujaribu katika kata moja msimu ujao, mahitaji ya watoto 20 ni haya: kilo 20 za mbegu, mifuko miwili ya DAP na miwili ya urea ya kilo 50, kamba na vijiti, mizani moja, na madaftari makubwa 20. Kila mtoto atarudisha madebe mawili ya mahindi baada ya kuvuna. Yakiuzwa kwa mizani na siyo kwa haraka mwezi Julai, bali Januari bei inapopanda, yatanunua sehemu kubwa ya pembejeo za kundi litakaloandikishwa Agosti na kupanda Novemba ya mwaka huo. Orodha iandaliwe sasa, kabla madirisha ya mbolea ya ruzuku hayajawa na foleni.

Maafisa ugani wastaafu,
Mbeya